Utitiri mwindaji wa udongoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakusanyaji wa Kigoma

Maswali haya yanarudiwa na wanafunzi, walimu wa biolojia, maafisa ugani na wakulima wa bustani, kuanzia Ujiji hadi Kasulu na Kibondo. Tumeanza na ya msingi. Anayejua tayari kutumia faneli ya kutolea vidudu udongoni aruke moja kwa moja hadi sehemu ya slaidi, yaani vioo vya kuwekea kielelezo chini ya hadubini.

## Mambo ya mwanzo

Utitiri mwindaji wa udongoni ni kiumbe gani hasa?

Ni jamaa wa kupe, papasi na buibui. Hauna vipapasio wala mbawa, ukiwa mzima una miguu minane, na mwili wake haukugawanyika kichwa, kifua na tumbo kama wa mdudu wa kawaida. Mbele una kelisera mbili, yaani taya zinazotoka na kurudi ndani, kila moja ikiwa na koleo mwishoni. Wengi ni wa urefu wa kati ya robo milimita na milimita moja. Wanaoishi kwenye majani makavu huwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Wanaoishi ndani zaidi huwa weupe na wembamba.

Ukurasa huu unahusu oda ya Mesostigmata, ambamo ndimo walimo wawindaji wengi wa udongoni. Familia utakazokutana nazo mara nyingi ni Laelapidae, Rhodacaridae, Ologamasidae, Parasitidae na Macrochelidae.

Unakula nini?

Nematodi (minyoo midogo mno ya udongoni), kolembola (vidudu vidogo virukao visivyo na mbawa), mayai na funza wadogo wa nzi, thiripsi (wadudu wadogo wanaofyonza mimea) waliojificha udongoni kabla ya kuwa wazima, na utitiri wenzao. Kila spishi ina upendeleo wake. Macrocheles muscaedomesticae, kwa mfano, hukaa kwenye samadi na hula mayai ya nzi wa nyumbani. Stratiolaelaps scimitus na Gaeolaelaps aculeifer huzalishwa kwa wingi na kuuzwa kwa wenye mabanda ya maua na mboga, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini, ili wapunguze funza wa vijinzi na thiripsi kwenye udongo wa vyungu.

Unauma watu? Ndio huo unaosumbua kuku?

Watu hauwaumi, na mimea hauigusi. Wa kuku ni mwingine, Dermanyssus gallinae, anayejificha kwenye nyufa za banda mchana na kunyonya damu usiku. Kinachochanganya ni kwamba naye yumo katika oda hiyohiyo, hivyo kwa lensi ya mkononi wanafanana. Ukimweka kwenye slaidi utaona kelisera za jike wa Dermanyssus zimerefuka na kuwa nyembamba kama sindano. Za mwindaji ni nene, zina koleo na meno.

Usimwage dawa kitaluni kwa sababu tu umeona vidudu vinakimbia kwenye samadi. Huenda ndivyo vinavyokulinda.

Na wale wadudu wekundu wenye mwili wa mahameli wanaotoka mvua za kwanza?

Hao ni wa familia ya Trombidiidae, kundi la Prostigmata. Wazima wao ni wawindaji pia, na watoto wao hunyonya wadudu wengine. Ila njia ya kuwatambua ni tofauti kabisa, na mengi ya ukurasa huu hayatawafaa.

Nikiwa na lensi tu, nitaujuaje mwindaji kati ya vidudu vyote vinavyotoka udongoni?

Tazama mwendo. Mwaga udongo kidogo kwenye sahani nyeupe usubiri. Wale weusi, wagumu, wa mviringo, wanaotembea polepole na kusimama ukiwagusa, wengi ni Oribatida, walaji wa ukungu na mabaki ya mimea. Wanaorudisha miguu ndani ya mwili na kubaki kama kigae ni Uropodina. Hao ni Mesostigmata lakini ni wazito. Mwindaji hukimbia. Hunyoosha miguu ya mbele na kuitikisa hewani kama anayetafuta swichi gizani, kwa sababu miguu hiyo ndiyo anayonusia na kupapasia, na akigusa kolembola husimama nukta moja kabla ya kuruka juu yake.

Mwendo unatosha kukupa dokezo la kundi. Jina la spishi hautakupa.

## Kukusanya

Kigoma ni wapi na lini pazuri pa kutafuta?

Mvua za huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei mwanzoni. Wakati huo udongo wa juu, sentimita 5 hadi 10, umejaa. Kiangazi wanashuka chini, na kwenye miyombo iliyoungua moto wa Agosti utachimba sana upate kidogo. Ukilazimika kukusanya kiangazi, nenda kwenye mabonde yenye unyevu, chini ya magogo yanayooza, au kwenye misitu ya kando ya mito.

Watu wengi hukimbilia Gombe na Mahale kwa sababu ya majina. Kwa maoni yetu anayeanza aanze na mashamba ya michikichi. Chini ya mchikichi mzee kuna matandiko ya makuti yanayooza, unyevu hudumu, na mwenye shamba unaweza kumwomba ruhusa hapohapo. Marundo ya samadi, mboji, udongo wa vichuguu na viota vya siafu ni hazina nyingine, na huko viotani mara nyingi hukaa spishi usizozikuta mahali pengine.

Lazima niwe na kibali?

Shambani kwako hapana. Shamba la mtu mwingine, mwombe mwenyewe na umjulishe mtendaji wa kijiji. Msitu wa hifadhi, zungumza na TFS, wakala wa misitu. Ndani ya Gombe au Mahale unahitaji idhini inayopitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (hifadhi za taifa), na utafiti rasmi kibali chake hutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kupeleka vielelezo nje ya nchi kuna utaratibu wake wa pekee. Uulize kabla ya kuchimba, maana jarida makini litataka kujua kielelezo kilipatikanaje.

Faneli ya Berlese naitengenezaje?

Antonio Berlese, Mwitaliano, alieleza kifaa hiki mwaka 1905. Mswidi Albert Tullgren akaweka taa ya umeme juu yake miaka kumi na kadhaa baadaye. Kazi yake ni kuukausha udongo kuanzia juu, vidudu vikimbilie chini kwenye unyevu na kudondokea kwenye kichupa.

Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, geuza sehemu ya juu iwe faneli, weka wavu wa dirisha ndani, kisha tandaza udongo juu ya wavu usizidi sentimita 5. Chini weka kichupa chenye ethanoli. Juu ning'iniza balbu ya zamani yenye waya, ya wati 25 au 40. Balbu za kisasa za kuokoa umeme na za LED hazitoi joto la kutosha, na hapo ndipo faneli nyingi za shuleni hukwama: taa inawaka siku tatu, udongo bado mbichi, mwalimu anahitimisha kwamba shamba halina kitu. Usiweke balbu karibu mno pia, kwani udongo ukikauka kwa saa chache wadogo na wa polepole hufia humohumo. Siku 3 hadi 7 ni muda mzuri.

Kama hakuna umeme?

Weka udongo kwenye mfuko wa wavu, utundike ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa juu, na chini yake kichupa cha ethanoli. Upepo wenyewe utaukausha polepole kivulini. Inachukua muda zaidi, lakini njia hii imetumika porini kwa miaka mingi na haichomi mtu chochote.

Naweza kuhifadhi kwenye gongo au pombe kali ya dukani?

Hapana. Pombe kali ya dukani huwa karibu asilimia 35 hadi 40, na gongo hakuna anayejua ni ngapi. Kwenye kimiminika dhaifu mwili wa ndani huoza na vinyweleo hukatika. Tumia ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 kwa vielelezo vya slaidi, na ya asilimia 95 au zaidi, kwenye baridi, kwa vitakavyopimwa DNA. Jeli ya kunawia mikono pia haifai. Inaganda juu ya kielelezo.

Ndani ya kichupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, wilaya, nukta za GPS, mwinuko, tarehe, aina ya uoto, kina cha udongo na jina la mkusanyaji. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo iliyobandikwa nje huanguka.

## Kutayarisha slaidi

Kwa nini slaidi? Picha ya simu kupitia hadubini haitoshi?

Kwa familia, pengine. Kwa spishi, hapana. Alama zinazotenganisha spishi ziko tumboni, mdomoni na kwenye miguu, nyingine ndogo kuliko mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na utitiri ambao haujasafishwa huonekana kama doa la kahawia lenye miguu. Tunapokea picha nyingi za namna hii zikiomba jina. Jibu letu ni lilelile: tengeneza slaidi.

Naitengenezaje?

Kwanza safisha. Loweka kielelezo kwenye asidi ya laktiki, sehemu zenye giza ziwe angavu. Mweupe anahitaji saa chache, mgumu siku kadhaa kwenye joto la wastani. Mchome kwa sindano nyembamba sana pembeni ili yaliyomo tumboni yatoke.

Kisha weka tone la kimiminika cha Hoyer katikati ya slaidi. Mapishi yake ni maji yaliyokenekwa (distilled) mililita 50, gundi ya gum arabic gramu 30, klorali hidrati gramu 200 na gliserini mililita 20, kwa mpangilio huo. Klorali hidrati ni dawa ya usingizi yenye sumu na haiuzwi kiholela. Ipatikane kupitia maabara yenye idhini, ifungiwe kabatini. Zamisha utitiri hadi uguse kioo, nyoosha miguu kwa sindano, funika. Kausha kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa wiki moja au zaidi, kisha zungushia kingo rangi ya kucha au vanishi. Hoyer hunyonya unyevu wa hewa, na kandokando ya ziwa slaidi isiyozibwa haidumu.

Tumbo juu au mgongo juu?

Ukiwa na vielelezo vingi, fanya vyote viwili. Ukiwa na kimoja, mgongo juu, tumbo utaliona kwa kushusha fokasi.

Hadubini ya sekondari inatosha?

Ya ukuzaji wa mara 400 itakufikisha kwenye jenasi kwa familia nyingi. Kwa kuelezea spishi unahitaji lensi ya mafuta ya mara 1000 na mfumo wa tofauti ya awamu (phase contrast), kwa sababu vinyweleo vingi havina rangi na kwenye mwanga wa kawaida hupotea.

## Kutambua

Nimepata wadogo wenye miguu sita. Ni spishi nyingine?

Hao ni lava. Baada ya yai huja lava mwenye miguu sita, tunutu wa kwanza, tunutu wa pili, kisha mzima. Ngao za watoto, yaani mabamba magumu ya mwilini, hazijaungana na vinyweleo havijatimia. Funguo nyingi za utambuzi (maswali ya hatua kwa hatua yanayokufikisha kwenye jina) zimeandikwa kwa jike mzima, kwa hiyo tafuta jike kwanza.

Jike mzima namjuaje?

Geuza tumbo. Katikati, kati ya miguu ya nyuma, jike ana ngao ya uzazi iliyojitenga, kwa Laelapidae yenye umbo la ulimi na jozi moja ya vinyweleo. Mbele yake kuna ngao ya kifua yenye jozi tatu. Dume wa familia nyingi ngao hizo zimeungana kuwa kipande kimoja, tundu la uzazi liko mbele kabisa ukingoni, na kwenye kelisera kuna kidole cha ziada cha kupitishia mbegu. Tunutu wa pili hana tundu la uzazi kabisa. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: wanamwona mkubwa wanamwita jike.

Naanzia wapi kufika kwenye familia?

Hakikisha kwanza ni Mesostigmata: tundu la hewa liko ubavuni, karibu na mguu wa tatu na wa nne, na kwa kawaida kutoka hapo mfereji mwembamba uitwao peritrema unaelekea mbele. Nyuma ya mdomo, katikati ya tumbo, kuna tritosternamu, kijishina chenye nyuzi mbili.

Halafu angalia mgongo. Ngao moja nzima, pamoja na ngao ya uzazi ya umbo la ulimi na ngao ndogo ya mkundu yenye vinyweleo vitatu, inaelekeza Laelapidae. Ngao mbili, ya mbele na ya nyuma, kwenye mwili mrefu mweupe, inaelekeza Rhodacaridae au Ologamasidae. Rhodacaridae wengi wana vifundo vidogo vigumu vilivyopangwa kwa mstari kwenye ngao ya mbele. Peritrema inayojikunja na kuingia tundu la hewa kwa nyuma ni Macrochelidae. Dume mwenye mguu wa pili mnene wenye miiba mikubwa, fikiria Parasitidae. Haya ni ya kuanzia tu. Kila familia ina wakaidi wake.

Kuhesabu vinyweleo ni lazima?

Ndiyo, na ndiyo kazi inayowatoa watu jasho. Vinyweleo vya mgongoni vina majina ya herufi na namba (j, z, s, r) kufuata mpangilio wa Lindquist na Evans wa mwaka 1965, na vya miguuni hufuata fomula za Evans za mwaka 1963. Laelapidae wengi wa udongoni wana jozi 39 kwenye ngao ya mgongo, baadhi wakiwa na vya ziada visivyo na mwenza katikati. Kilichokatika huacha kishimo, kwa hiyo hesabu vishimo. Hesabu pande zote mbili. Utitiri mmoja kukosa kinyweleo upande wa kushoto ni jambo la kawaida na halimfanyi kuwa spishi mpya.

Umbo lina uzito sawa na idadi. Angalia kama ni laini, kama sindano, kama jambia, au chenye vijimeno.

Vipimo gani vichukuliwe?

Urefu na upana wa ngao ya mgongo, ngao za kifua, uzazi na mkundu, urefu wa miguu, koleo la kelisera, na vinyweleo vilivyochaguliwa. Vyote kwa mikroni, baada ya kusawazisha hadubini kwa slaidi ya kipimo. Pima vielelezo kadhaa utoe kiwango cha chini na cha juu. Usiuamini sana upana wa mwili, maana kioo cha juu hubana na kutanua.

DNA haiwezi kumaliza ubishi?

Inasaidia, hasa jeni ya COI inayotumika sana kutofautisha spishi, kuunganisha dume, jike na watoto wa spishi moja. Lakini spishi nyingi za udongo wa Afrika hazina mfuatano wa kulinganishia, na mfuatano usio na mwenza hautakwambia kama spishi ilishapewa jina zamani kwa kalamu na mchoro. Tumia njia ya kutoa DNA isiyoharibu ganda, kisha ganda hilo lipandishwe slaidi.

## Kuelezea spishi mpya

Nimefuata ufunguo hadi mwisho, haukubaliani na chochote. Ni spishi mpya?

Bado. Kwanza ufunguo huenda ni wa Ulaya. Pili huenda ulipotea njia kwenye hatua ya tatu. Rudia ukiwa na kielelezo kingine. Tatu, spishi yako yaweza kuwa ilielezwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Utitiri haujui mpaka, na maandiko ya Kongo, Burundi na Rwanda ni lazima yasomwe, pamoja na ya Loots na Ryke wa Potchefstroom, Afrika Kusini, waliofanya kazi kubwa juu ya Mesostigmata wa Afrika miaka ya 1960.

Hata wenye maabara kubwa hujikwaa. Kwa miaka mingi utitiri uliouzwa madukani ng'ambo ulikuwa na jina la Hypoaspis miles, spishi aliyoieleza Berlese mwaka 1892. Mwaka 2003 Walter na Campbell walichunguza vielelezo vya biashara wakaonyesha kwamba ni Stratiolaelaps scimitus, aliyeelezwa na Womersley mwaka 1956. Majaribio mengi yalikuwa yameshachapishwa chini ya jina lisilo lake.

Andika "Gaeolaelaps sp." kwenye lebo bila aibu. Jina pungufu lililo sahihi linaweza kukamilishwa baadaye.

Maelezo ya spishi mpya yawe na nini?

Utambulisho mfupi unaoitenganisha na ndugu zake wa karibu, maelezo kamili ya mgongo, tumbo, mdomo na miguu, michoro, vipimo, mahali na mazingira, vielelezo vilivyochunguzwa na vilipohifadhiwa, asili ya jina, na majadiliano ya kwa nini si spishi fulani. Utambulisho ndio moyo wa kazi. Ukiandika kurasa 10 za maelezo bila kusema inatofautianaje na jirani yake, hujamsaidia mtu.

Michoro bado inahitajika hata ukiwa na picha nzuri, kwa kuwa mchoro mmoja hukusanya yaliyoonekana kwenye fokasi nyingi.

Holotaipu ni nini, na ikae wapi?

Ni kielelezo kimoja kinachobeba jina daima. Wengine wa kundi hilo ni parataipu. Kwa majina yaliyochapishwa baada ya 1999, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinataka holotaipu au kundi la sintaipu (vielelezo kadhaa vinavyobeba jina kwa pamoja) litajwe wazi na mkusanyiko wa kuhifadhia utajwe. Iwe taasisi yenye mkusanyiko wa kudumu. Sisi tungependa parataipu zibaki nchini, ili mwanafunzi wa Kigoma asilazimike kutafuta viza kwenda kutazama utitiri wa kwao. Kabati la nyumbani halikubaliki.

Naweza kuipa jina langu, la bibi yangu au la kijiji?

La kijiji au mkoa, ndiyo: kwa jenasi ya kiume kama Gaeolaelaps, la Kigoma lingekuwa kigomensis. La bibi aitwaye Mwajuma lingekuwa mwajumae, la mwanamume huishia na -i. Neno la Kiswahili au la Kiha laweza kutumika lilivyo kama nomino. Jina lako mwenyewe Kanuni hazikukatazi; watu watakucheka tu.

Nichapishe wapi?

Zootaxa, Acarologia na Systematic and Applied Acarology ni majarida yanayopokea kazi hizi, na Acarologia husomwa bure mtandaoni. Likiwa chapisho la mtandaoni pekee, lazima lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Kuweka jina kwenye mtandao wa kijamii hakulifanyi kuwa rasmi, na kunaweza kumvuruga atakayekuja baada yako.

## Mambo ya pembeni

Nina kielelezo kimoja tu. Nieleze?

Inaruhusiwa. Tunashauri urudi mahali palepale msimu ujao kwanza, maana kwa kielelezo kimoja huwezi kujua kipi ni tabia ya spishi na kipi ni kilema (tazama swali la kuhesabu vinyweleo).

Nina majike watupu, dume haonekani.

Kawaida sana. Kwenye spishi nyingi dume hutokana na yai lisilorutubishwa na huwa wachache. Nyingine huzaa majike bila dume kabisa. Endelea na majike.

Nimewatoa juu ya mbawakawa wa kinyesi. Wanamnyonya?

Kwa kawaida wamepanda usafiri tu kutoka kinyesi kimoja hadi kingine. Macrochelidae husafiri wakiwa majike wazima, kwa hiyo unaweza kuwatambua. Parasitidae husafiri wakiwa matunutu wa pili, na hao itabidi uwafuge hadi wawe wazima: kikopo chenye plasta ya Paris iliyochanganywa na unga wa mkaa, yenye unyevu, na nematodi au kolembola wa kula. Andika pia aina ya mbawakawa.

Slaidi ya zamani imejaa mapovu na fuwele. Imekufa?

Kama ni ya Hoyer, inaokoleka. Kwangua vanishi, laza slaidi kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, subiri siku moja au mbili mpaka kioo kiteleze chenyewe bila kulazimishwa, kisha hamisha kielelezo kwa kitanzi cha waya mwembamba na upandishe upya. Ipige picha kwanza, na lebo ya zamani ibandikwe kwenye slaidi mpya hata kama maandishi yake yamefifia.